Hašek: Kiungo aliyeitwa mara mbili kuzima moto, mara ya pili ukamuunguza

MNAMO Oktoba 12, 2025, katika uwanja mdogo wa Tórsvøllur mjini Tórshavn, timu ya taifa ya Jamhuri ya Czech ilichapwa mabao 2-1 na Visiwa vya Faroe, nchi yenye wakazi wapatao 55,000 na ambayo uchumi wake hutegemea samaki.

Hanus Sørensen ndiye aliyefungua karamu hiyo katika kipindi cha pili. Adam Karabec akasawazisha, na wengi wakadhani kwamba wageni wangetumia ukubwa wao kumaliza kazi. Badala yake, Martin Agnarsson alitikisa wavu dakika chache baadaye, na kisiwa kizima kikazizima kwa vifijo.

Kabla wiki hiyo haijatimia, kocha Ivan Hašek alikuwa amekwisha kupigwa kalamu.

Kwa mtu anayesoma matokeo pekee, kisa hicho hakihitaji ufafanuzi. Taifa la watu karibu milioni 11, lililowahi kucheza fainali mbili za Kombe la Dunia likiwa bado Czechoslovakia, limefungwa na wavuvi. Kocha kaonyeshwa mlango. Hata hivyo, Hašek si kocha wa kuokotwa njiani. Alikuwa nahodha wa timu ya mwisho ya Czechoslovakia kushiriki fainali za Kombe la Dunia. Alitwaa ubingwa wa ligi akiwa mchezaji, akautwaa tena akiwa kocha. Alisomea sheria na kuhitimu. Amewahi hata kuwa mwenyekiti wa shirikisho la soka la nchi yake, yaani amekalia kiti kile kile ambacho kilimfuta kazi.

Swali linalostahili kuulizwa basi si kwa nini alifutwa, bali ni kwa nini shirikisho hilo limekuwa na mazoea ya kumwita nyumba ikiwa tayari inateketea.

Ikumbukwe pia kuwa Faroe si wageni katika kazi ya kuwaachisha makocha ajira. Septemba 12, 1990, wakicheza mechi yao ya kwanza kabisa ya mashindano rasmi, waliilaza Austria 1-0 katika mji wa Landskrona nchini Sweden, kwa kuwa kwao hakukuwa na uwanja wa nyasi uliokubalika. Kocha wa Austria, Josef Hickersberger, naye akiwa kiungo wa zamani, alijiuzulu. Austria hiyo hiyo ilikuwa imefungwa 1-0 na Czechoslovakia ya Hašek miezi mitatu tu kabla, jijini Florence. Hapana shaka Hašek alikuwa miongoni mwa waliokicheka kioja hicho. Na tangu hapo visiwa hivyo vimeendelea kuokota vichwa vya wakubwa kimoja kimoja: Ugiriki ilipigwa nyumbani na ugenini katika kampeni ya kufuzu kwa Euro 2016, Uturuki ikafuata 2022, na siku tatu tu kabla ya kuwapokea Wacheki, Montenegro ilirudishwa kwao na kapu la mabao 4-0.

Kwa hivyo hata kulichukulia pigo la Tórshavn kama muujiza ni kuwakosea heshima wenyeji.

ZAMA ZA SPARTA

Hašek alizaliwa Septemba 6, 1963 katika mji wa Městec Králové, mashariki mwa Prague. Alijiunga na Sparta Prague mwanzoni mwa miaka ya themanini na kuishi pale hadi 1990. Katika muda huo klabu hiyo ilinyakua ubingwa wa ligi ya Czechoslovakia mara sita: 1984, 1985, kisha minne mfululizo kuanzia 1987 hadi 1990. Yeye binafsi alitawazwa mwanasoka bora wa nchi hiyo 1987 na tena 1988.

Hakuwa kiungo wa madoido. Wale waliomwona wakati huo wanamkumbuka kwa mapafu yasiyochoka, kwa kufika pale mpira ulipotarajiwa kuangukia kabla haujaanguka, na kwa tabia ya kujipenyeza kwenye kijisanduku cha adui wakati mabeki wamewakazia macho washambuliaji warefu. Sparta ya enzi hizo haikuwa timu ya kubezwa barani Ulaya. Msimu wa 1983-84 iliing'oa Real Madrid katika Kombe la UEFA na kufika robo fainali. Msimu uliofuata ilifika hatua kama hiyo katika Kombe la Klabu Bingwa kabla ya kutolewa na Juventus, waliokuja kuibuka mabingwa.

Kwa timu ya taifa, mambo yalikuwa machungu zaidi. Kati ya 1984 na 1987 kikosi hicho kilinolewa na Josef Masopust, kiungo mwingine aliyegeuka kocha, ambaye mwaka wa 1962 aliiongoza Czechoslovakia hadi fainali ya Kombe la Dunia nchini Chile na kutuzwa Ballon d'Or. Lakini nyota ya mchezaji haikumwangazia kocha: timu ilikosa fainali za Kombe la Dunia 1986 na zile za Ulaya 1988. Hašek alilishuhudia hilo kwa macho yake akiwa kijana. Alijua mapema kwamba jina kubwa halimlindi mtu anapokaa kwenye benchi.

Jozef Vengloš alipochukua usukani, gurudumu likageuka. Novemba 15, 1989, Czechoslovakia ilitoka sare tasa na Ureno jijini Lisbon na kujikatia tiketi ya kwenda Italia. Siku mbili baadaye, wanafunzi waliandamana jijini Prague na kupigwa na polisi, tukio lililozaa mapinduzi yaliyoung'oa utawala wa Kikomunisti bila vita. Maandamano makubwa zaidi, yaliyokusanya mamia ya maelfu ya watu mnamo Novemba 25 na 26, yalifanyika katika uwanda wa Letná, hatua chache kutoka uwanja wa Sparta. Timu iliyofuzu ikiwa ya dola moja ilikwenda Italia ikiwa ya dola nyingine, bendera ikiwa ile ile.

Juni 10, 1990 jijini Florence, Hašek akiwa amevaa utepe wa unahodha, Czechoslovakia iliikandika Marekani 5-1. Nahodha mwenyewe alifunga bao moja. Wakaja Austria, wakalazwa 1-0. Wenyeji Italia wakashinda 2-0 katika mechi ambayo Roberto Baggio alifunga bao ambalo bado linaonyeshwa kila fainali hizo zinapokaribia. Costa Rica nao wakabugizwa 4-1 mjini Bari katika raundi ya 16, Tomáš Skuhravý akifunga matatu, yote kwa kichwa. Safari ilikomea robo fainali mjini Milan, Julai 1, kwa mkwaju wa penalti wa Lothar Matthäus wa Ujerumani Magharibi.

Hakuna timu ya Czechoslovakia iliyorudi tena huko. Januari 1, 1993 nchi iligawanyika ikawa mbili.

KUFUNGULIWA KWA MIPAKA

Kabla ya 1989, mwanasoka wa Czechoslovakia hakuwa na ruhusa ya kwenda kusakata kabumbu ng'ambo hadi serikali itakapoona ametumika vya kutosha nyumbani, na hapo mara nyingi huwa ameingia utu uzima. Waliokosa subira walitoroka. Luboš Kubík na Ivo Knoflíček wa Slavia Prague walifanya hivyo 1988. Baada ya Italia, mlango ukawa wazi. Skuhravý alikwenda Genoa, Ľubomír Moravčík akaenda Saint-Étienne, kipa Jan Stejskal akatua Queens Park Rangers jijini London, Michal Bílek akaenda Real Betis.

Uamuzi wa Hašek uliwashangaza baadhi ya watu. Nahodha wa timu iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia alikubali kwenda Strasbourg, klabu iliyokuwa ikicheza daraja la pili Ufaransa. Ilimchukua misimu miwili kuisaidia kupanda, 1992, na akaendelea kuichezea hadi 1994. Mashabiki wa Alsace hawajamsahau. Kuna wachezaji wanaopendwa kwa makombe waliyoyaleta, na kuna wanaopendwa kwa sababu walikuja wakati hakuna aliyetaka kuja. Hašek yumo katika kundi la pili.

Kutoka hapo akaelekea Japan, ambako ligi ya kulipwa ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Akiwa na Sanfrecce Hiroshima chini ya kocha Stuart Baxter, alitwaa ubingwa wa awamu ya kwanza ya msimu wa 1994. Akapitia JEF United, kisha akarejea Sparta kumalizia pale alipoanzia. Katika timu za taifa alikuwa amecheza mechi 56 na kufunga mabao 5, mechi 55 zikiwa za Czechoslovakia na moja tu ya Jamhuri ya Czech.

Takwimu hizo zinaeleza jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Mtu huyu alikuja kuifundisha nchi ambayo kwa kweli hakuwahi kuichezea ila mara moja.

MIKOBA YA UKOCHA

Alianza ukufunzi kwa kishindo. Sparta ilimkabidhi timu 1999, naye akatwaa ligi katika misimu yake yote miwili, 2000 na 2001. Katika Ligi ya Mabingwa 1999-2000, vijana wake walivuka hatua ya kwanza ya makundi pamoja na Bordeaux, wakiziacha nyuma Spartak Moscow na Willem II, na kuingia hatua ya pili dhidi ya Barcelona, Porto na Hertha Berlin. Ndani ya kikosi hicho alichipuka chipukizi mmoja mwembamba, Tomáš Rosický, ambaye Borussia Dortmund ilimnunua Januari 2001 kwa ada ambayo ligi hiyo haikuwa imewahi kuiona.

Wakati huo Hašek hakuwa ametimiza umri wa miaka 40 na tayari alionekana mrithi halali wa kiti cha timu ya taifa. Badala yake alirudi Strasbourg, iliyokuwa imefanya kichekesho cha mwaka kwa kushinda Kombe la Ufaransa 2001 huku ikishushwa daraja katika msimu uo huo. Aliipandisha tena mwaka wa 2002. Ndiyo kusema, klabu moja imepandishwa mara mbili na mtu mmoja, mara ya kwanza akiwa ndani ya uwanja, mara ya pili akiwa kando ya chaki.

Baadaye mambo yakawa ya kuhamahama. Vissel Kobe ya Japan 2004. Saint-Étienne msimu wa 2006-07, ambako alimaliza katika nafasi ya 11, matokeo yasiyomfukuzisha mtu wala kumtukuza. Kisha Dubai, ambako Al Ahli ilitwaa ubingwa wa Milki za Kiarabu msimu wa 2008-09 chini yake.

Ni kutoka kilele hicho ndipo alipofanya jambo lisilo la kawaida katika soka ya kulipwa. Aliacha mshahara wa Ghuba na kugombea uenyekiti wa shirikisho la soka la Czech, akachaguliwa Juni 2009.

MSHIKA MBILI

Shirikisho alilolikuta lilikuwa katika mtafaruku. Karel Brückner, mzee aliyeifikisha timu nusu fainali ya Euro 2004, alikuwa amestaafu 2008. Mrithi wake Petr Rada alitimuliwa katikati ya kampeni ya kufuzu kwa Kombe la Dunia 2010. Akaletwa František Straka, akasimamia mechi moja ya kirafiki dhidi ya Malta, naye akaondoka. Mwenyekiti mpya akajitazama kwenye kioo na kuamua kwamba kocha anayefaa ni yeye mwenyewe.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwa haki, matokeo ya Hašek hayakuwa mabaya: sare ya 2-2 ugenini kwa Slovakia, ushindi wa 7-0 dhidi ya San Marino ambapo Milan Baroš alifunga manne, ushindi wa 2-0 dhidi ya Poland, na sare tasa na Ireland Kaskazini. Hakufungwa hata mechi moja. Lakini hesabu ilikuwa imekwisha kuharibika kabla yake, na tiketi ya Afrika Kusini ikaenda kwa Slovakia, ndugu mdogo aliyetengana nao 1993 na ambaye sasa alikuwa akienda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza huku mkubwa akibaki nyumbani.

Kasoro ya mpangilio huo haikuwa kwenye matokeo. Kocha anapokuwa ndiye mwenyekiti, nani wa kumuuliza? Na mwenyekiti anapokuwa kocha, nani wa kumtetea pale atakaposhindwa? Hašek, akiwa mwanasheria, yaelekea aliliona hilo, kwani mara tu kampeni ilipokwisha Oktoba 2009 alijivua ukocha na kumteua Bílek, mwenzake wa Sparta na wa Italia 1990. Bílek aliifikisha timu robo fainali ya Euro 2012.

Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Jozef Chovanec, aliyeinoa timu hiyo kuanzia 1998 hadi 2001, alikuwa kwenye kikosi cha 1990. Straka alikuwemo. Bílek alikuwemo. Hašek alikuwa nahodha wao. Wanne hao wote walipitia Sparta. Nchi iliyozalisha makocha wengi namna ile imekuwa ikipiga hodi katika nyumba moja, na inapofunguliwa hushangaa kumkuta mwenye nyumba yule yule.

Hašek alijiuzulu uenyekiti 2011 na kurejea Ghuba. Alishinda Kombe la Mwana wa Mfalme 2012 na Al Hilal ya Saudia, akazunguka klabu nyingine za eneo hilo, na kwa miaka kadhaa jina lake likafifia Ulaya.

Mwaka wa 2021 alichukua kazi ambayo wengi wangeikimbia, kuinoa Lebanon, nchi iliyokuwa imezama katika mporomoko mkubwa wa uchumi. Timu ilikuwa imefika raundi ya mwisho ya makundi ya Asia kufuzu kwa Kombe la Dunia 2022. Iliilaza Syria 3-2. Mnamo Novemba 2021 mjini Saida, iliongoza Iran 1-0 hadi dakika za nyongeza, halafu ikafungwa mawili kabla ya kipenga cha mwisho. Hatimaye iliburura mkia katika kundi lake.

Jioni ile ya Saida inafaa kuwekwa akilini.

MOTO WA PILI

Novemba 2023, Jaroslav Šilhavý aliifuzisha Czech kwa Euro 2024 kwa kuilaza Moldova 3-0, na usiku uo huo akatangaza kuondoka. Mashabiki walikuwa wamechoshwa na soka yake, na siku moja kabla ya mechi wachezaji watatu walikuwa wametimuliwa kambini kwa kwenda kilabu cha usiku. Januari 2024, shirikisho chini ya mwenyekiti Petr Fousek likamwita Hašek. Alikuwa na umri wa miaka 60 na miezi isiyozidi sita ya kujiandaa.

Kule Ujerumani aliambulia pointi moja. Juni 18 mjini Leipzig, Lukáš Provod aliwapa Czech uongozi dhidi ya Ureno. Beki Robin Hranáč akajifunga, na Francisco Conceição akapachika bao la ushindi dakika ya pili ya muda wa nyongeza. Siku nne baadaye walitoka 1-1 na Georgia mjini Hamburg, wakampoteza mshambuliaji wao tegemeo Patrik Schick kwa jeraha. Juni 26 katika uwanja huo huo, Antonín Barák alilishwa kadi nyekundu dakika ya 20 dhidi ya Uturuki. Wakiwa 10, Wacheki walisawazisha kupitia Tomáš Souček, kabla ya Cenk Tosun kuwazamisha 2-1 dakika ya nne ya nyongeza. Mwamuzi alitoa jumla ya kadi 18 siku hiyo.

Bao la Iran mjini Saida, la Ureno Leipzig, la Uturuki Hamburg: yote yaliingia wakati mashabiki wanatafuta njia ya kutokea. Wapo wanaosema hiyo ni bahati mbaya. Bahati mbaya ikirudi mara tatu kwa mtu mmoja hustahili jina lingine. Timu za Hašek zina desturi ya kurudi nyuma zinapokuwa na kitu cha kulinda, kuwajaza watu mbele ya kipa na kungoja saa iende. Mbinu hiyo humtaka mtu awe na benchi la kuingiza miguu mipya, na benchi hilo hakuwa nalo Lebanon, wala hakuwa nalo Czech. Ureno ilipotaka bao iliwaamsha wachezaji wa klabu kubwa za bara zima. Hašek alipotaka kuzuia, aliwaamsha vijana wa ligi ya nyumbani, hodari wa bidii, wachache wa uzoefu.

Enzi za Pavel Nedvěd, Rosický, Petr Čech na Jan Koller zilikwisha. Hilo kocha hakulisababisha.

Vilevile, si kweli kwamba hakufanya lolote. Septemba 2024, Ligi ya Mataifa ilianza kwa kipigo cha 4-1 mbele ya Georgia jijini Tbilisi na wengi wakataka ang'oke siku hiyo. Akajikusanya, akailaza Ukraine 3-2, akaifunga Albania, na Novemba akailipiza Georgia kwa 2-1, akamaliza kileleni mwa kundi na kuipandisha timu hadi daraja la juu kabisa la mashindano hayo. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kupandisha daraja timu isiyotarajiwa, ukihesabu na zile mbili za Strasbourg. Pengine ndicho kipaji chake halisi: kufanya kazi kwa subira pale ambapo taa za kamera hazijawashwa.

Kampeni ya kufuzu kwa Kombe la Dunia 2026 ilianza Machi 2025 kwa ushindi mwembamba wa 2-1 nyumbani dhidi ya Faroe hao hao, shukrani kwa mabao mawili ya Schick. Onyo lilikuwa limetolewa, wachache wakalisikia. Gibraltar ikapigwa 4-0, Montenegro 2-0. Kisha Juni 9 mjini Osijek, Souček alipoisawazishia timu mapema katika kipindi cha pili, Croatia ilijibu kwa mabao manne katika muda wa robo saa hivi. Ikaisha 5-1. Montenegro ilifungwa tena 2-0 Septemba, na Oktoba 9 jijini Prague Wacheki waliibana Croatia kwa sare tasa.

Siku tatu baadaye wakawa Tórshavn.

Tarehe hizo zikisomwa kwa utaratibu, linaonekana jambo ambalo hasira ya mashabiki ililifunika. Timu iliyomaliza nguvu zake kumzuia Luka Modrić na wenzake ilipanda ndege hadi katikati ya bahari ya Atlantiki, ikacheza na kikosi kilichokuwa kimetoka kufunga manne. Kocha mwangalifu angelibadilisha kikosi kwa ujasiri zaidi, au angalau angewaambia vijana wake kwamba mechi ngumu ilikuwa hii ya pili. Lawama hiyo ni ya Hašek na haiwezi kuhamishwa. Kwa kocha aliyekwisha kuponea chupuchupu mikononi mwa Faroe mwezi Machi, kutokuwa na jawabu Oktoba ni kosa la kikazi.

Lakini lipo pia suala la kiti. Fousek aliyemwajiri hakuwa madarakani tena. David Trunda alikuwa amechaguliwa mwenyekiti Juni 2025. Kocha anayerithiwa na uongozi mpya huishi kwa matokeo ya wiki kwa wiki, na Hašek, aliyewahi kuwa mwajiri katika ofisi hizo hizo, alilijua hilo kuliko yeyote. Alipoondolewa, Czech walikuwa bado katika nafasi ya pili ya kundi. Nafasi hiyo hawakuipoteza. Walimaliza wa pili nyuma ya Croatia na kuingia mchujo.

Ikiwa tatizo lilikuwa kocha peke yake, kuondoka kwake kungeleta utulivu. Novemba 2025, chini ya kocha wa muda Jaroslav Köstl, timu iliifyeka Gibraltar 6-0 mjini Olomouc, na mashabiki wakaendelea kuzomea. Wachezaji walikataa kwenda kuwashukuru waliokuwa majukwaani. Shirikisho likamvua Souček unahodha. Utepe ule ule alioufunga Hašek mkononi jijini Florence miaka 35 iliyotangulia ukawa kitu cha kunyang'anyana mbele ya kamera, na safari hii hapakuwa na kocha wa kusukumiwa mzigo.

Mwezi uliofuata shirikisho lilimtangaza Miroslav Koubek, mwenye umri wa miaka 74, kuwa kocha mpya. Mechi yake ya kwanza ya mashindano ilipangwa kuwa ya mchujo wa Machi 2026. Alikuwa amepewa miezi mitatu, nusu ya muda aliopewa Hašek kabla ya kwenda Ujerumani.